Saa Mbili za Ziwa Moja: Historia ya Kulandanisha Kalenda na Barua katika Mwambao wa Tanganyika Upande wa Burundi

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya jitihada za kulandanisha tarehe, saa na barua za kiofisi katika mwambao wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, hasa Rumonge na Bujumbura, kwa kulinganisha na Kigoma na Ujiji ng'ambo ya mpaka. Yanaonyesha kwamba tatizo ambalo leo huonekana kuwa la kompyuta, yaani kalenda ya ofisi moja kukataa kupatana na ya nyingine, lina mizizi ya zaidi ya karne moja katika eneo hili. Hoja kuu ni kwamba mikanganyiko mingi ilizuka pale pande mbili zilipotumia tarakimu zilezile huku zikianza kuhesabu kutoka mahali tofauti. Suluhisho lililodumu halikuwa kufuta hesabu ya upande mmoja. Lilikuwa kuufanya ujumbe utaje kipimo chake. Makala yanahitimisha kwa mapendekezo kuhusu uandishi wa saa na tarehe katika Kiswahili cha kiofisi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maneno muhimu: Rumonge, Ziwa Tanganyika, kalenda, saa za Kiswahili, barua pepe, kulandanisha

1.0 Utangulizi

Rumonge ni mji wa ziwani, kusini mwa Bujumbura, unaojulikana kwa uvuvi, mafuta ya mawese na biashara ya majini. Ni miongoni mwa miji ya Burundi ambamo Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya msikiti na ya bandari kwa vizazi kadhaa, kikiishi pamoja na Kirundi, lugha ya taifa, na Kifaransa, lugha ya ofisi tangu enzi za Ubelgiji. Mfanyabiashara wa Rumonge anaweza kupatana bei kwa Kiswahili, kusimulia habari nyumbani kwa Kirundi na kujaza fomu ya forodha kwa Kifaransa, yote katika siku moja.

Wingi huo wa lugha umeandikwa sana na wanaisimu. Lisiloandikwa sana ni kwamba kila lugha kati ya hizo ilikuja na hesabu yake ya wakati. Siku huanza lini? Juma huanza na siku gani? Mwezi ni ule wa angani au ule wa karatasi? Saa tatu ni saa tatu kuanzia alfajiri au kuanzia usiku wa manane? Na je, ni saa tatu ya Kigoma au ya Rumonge? Maswali haya yana uzito. Chombo husafiri, mzigo huozea bandarini, mtoto hupoteza mwaka wa masomo na kikao hufunguliwa bila akidi kwa sababu watu wawili waliahidiana wakati mmoja kwa hesabu mbili.

Neno kulandanisha limetumika hapa kwa maana ya kufanya kumbukumbu mbili ziende sambamba, ili kilichobadilishwa katika moja kionekane sawasawa katika nyingine. Leo neno hili husikika zaidi katika mazungumzo kuhusu simu na kompyuta. Makala yanalichukua kama chombo cha kihistoria: yanauliza watu wa mwambao huu walilandanishaje kumbukumbu zao kabla ya kompyuta, na historia hiyo inafundisha nini kwa ofisi za leo.

2.0 Shajara mbili za Ujiji na jiwe moja la Mugere

Mfano wa awali unaojulikana sana unatoka Ujiji. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alimkuta David Livingstone katika mji huo wa biashara. Mkutano huo ulipata umaarufu duniani kote, lakini tarehe yake haijakubaliwa hadi leo. Stanley aliandika kuwa ulifanyika tarehe 10 Novemba. Shajara ya Livingstone inaweka kuwasili kwa mgeni katika siku za mwisho za Oktoba. Watu wawili walisimama mahali pamoja wakashikana mikono, na kila mmoja akaandika siku yake.

Sababu inaeleweka. Msafiri aliyekaa miaka bara bila gazeti wala posta alihesabu siku mwenyewe. Homa ya siku chache iliyompoteza fahamu ilitosha kuharibu hesabu, na kosa hilo liliendelea kubebwa mbele kila siku iliyofuata. Kwa lugha ya leo, kumbukumbu hizo mbili zilikuwa zimeachana, na hakukuwa na chanzo cha tatu cha kuzisahihisha.

Baada ya kukutana, wawili hao walisafiri kwa mtumbwi kwenda ncha ya kaskazini ya ziwa, na wakathibitisha kwamba mto Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Njiani walipumzika Mugere, kusini mwa ilipo Bujumbura ya leo. Jiwe la mahali hapo limechongwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Jiwe hilo lina tarehe moja tu. Msomaji anayesimama mbele yake haoni dalili yoyote kwamba siku chache kabla ya hapo wahusika hawakuwa wakiafikiana hata juu ya mwezi. Hili ni funzo la kwanza kwa mwanahistoria wa mwambao: kumbukumbu iliyolandanishwa huficha kazi ya kulandanisha. Tarehe moja safi ni matokeo ya mapatano, na mapatano hayo hayaonekani juu ya jiwe.

Rumonge yenyewe iliingia katika kumbukumbu za Kizungu muda mfupi baadaye. Wamisionari wa Shirika la White Fathers walifika hapo mwaka 1879, na kituo chao kikaisha baada ya watatu kati yao kuuawa tarehe 4 Mei 1881. Habari za wakati huo zilipelekwa pwani na misafara ya miguu kwa muda wa miezi. Barua ilipofika, jambo lililoelezwa ndani yake lilikuwa limekwisha kuzaa mambo mengine. Kwa hiyo tarehe ya kuandikwa na tarehe ya kupokelewa zilikuwa habari mbili tofauti, na mwandishi makini alizitaja zote.

3.0 Juma lenye siku tatu za tano

Tatizo la ndani zaidi lilikuwa katika majina ya siku. Kiswahili huhesabu kuanzia siku inayofuata Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Kisha hesabu hiyo hukatika na jina la Kiarabu huingia: Alhamisi, ambalo asili yake pia ni tano, kwa kuwa Waarabu huhesabu kuanzia Jumapili. Kirundi nacho, kilichopata mpangilio wa juma lake wakati wa misheni na utawala wa kikoloni, huhesabu kuanzia Jumatatu: kuwa mbere ni Jumatatu, kuwa kabiri ni Jumanne, kuwa gatanu ni Ijumaa.

Ukiziweka hesabu hizo tatu pamoja, unapata jambo la kushangaza. Jumatano ni siku ya tano kwa Kiswahili. Alhamisi ni siku ya tano kwa Kiarabu. Ijumaa ni siku ya tano kwa Kirundi. Siku tatu zinazofuatana, na kila moja ni ya tano kwa hesabu ya watu wake. Vivyo hivyo siku ya pili ni Jumapili kwa Mswahili, na ni Jumanne kwa msemaji wa Kirundi.

Katika mji kama Rumonge, ambako mtu mmoja huzungumza lugha hizo zote, mkanganyiko haukutokana na kutojua. Ulitokana na kujua sana. Anayetafsiri kichwani kutoka Kirundi kwenda Kiswahili kwa haraka huona mzizi uleule wa namba, -tatu na -gatatu, -nne na -kane, na ufanano huo humvuta kwenye siku isiyo yake. Pengo ni la siku mbili kamili: kuwa gatatu ni Jumatano, si Jumatatu. Lugha zisizo na undugu, kwa mfano Kifaransa chenye mercredi yake, hazina mtego huo, maana mercredi haifanani na namba yoyote. Hapa ndipo hoja kuu ya makala inapoanza kuonekana. Mifumo inayotofautiana kabisa huwalazimisha watu kuuliza. Mifumo inayofanana nusu ndiyo huwakosesha.

Miezi nayo ina mtego wa namna hiyo. Kalenda ya Kiislamu, inayoongoza saumu na sikukuu za Waislamu wa Rumonge, huanza mwaka kwa Muharram. Waswahili kwa mapokeo waliihesabu miezi kuanzia mwisho wa Ramadhani: Mfunguo Mosi ni Shawwal, na Muharram yenyewe ni Mfunguo Nne. Anayesema mwezi wa kwanza bila kutaja ni wa hesabu gani anaweza kuwa na miezi mitatu akilini: Januari, Muharram au Mfunguo Mosi. Kirundi hakina shida hiyo, kwa kuwa miezi yake ina majina badala ya namba: Nzero, Ruhuhuma, Ntwarante, na kuendelea hadi Kigarama.

Mwanzo wa siku pia haukuwa mmoja. Kwa mapokeo ya Kiislamu siku huanza jua linapotua, hivyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Kwa ofisi siku huanza usiku wa manane. Kiswahili kilitatua jambo hili kwa usemi mmoja: usiku wa kuamkia Ijumaa. Usemi huo hauchagui kati ya mapokeo mawili. Unautaja usiku kwa asubuhi ambayo kila mtu anaikubali. Huo ni mfano bora wa ulandanishaji uliofanywa na wasemaji wa kawaida bila amri ya serikali.

4.0 Mwezi wa angani na mwezi wa karatasi

Uchumi wa mwambao una kalenda nyingine isiyotegemea lugha wala dini. Uvuvi wa ndagala, wanaoitwa dagaa upande wa Tanzania, na wa mukeke hufanyika usiku kwa taa. Mwanga huwavuta samaki juu, na wavu hukusanya. Njia hiyo hufaa usiku wa giza. Mbalamwezi inapokuwa kamili, mwanga wa taa hupoteza nguvu yake na vyombo hupumzika. Kwa hiyo kila mwezi mwandamo una siku zake za kazi na siku zake za nyavu kukauka juani.

Mwezi mwandamo una siku 29 na nusu hivi, na miezi 12 ya aina hiyo hufanya siku 354, pungufu ya mwaka wa kawaida kwa siku 11. Matokeo yake ni kwamba siku za mapumziko husogea polepole katika kalenda ya ofisi. Mwaka mmoja mbalamwezi kamili huangukia katikati ya mwezi, mwaka mwingine mwishoni. Kuna miaka yenye mbalamwezi kamili 13, kama 2023. Mapato ya mvuvi hufuata mwezi wa angani, wakati ada za bandari, kodi na marejesho ya mkopo hufuata mwezi wa karatasi. Tarehe 30 inapokutana na mbalamwezi, mvuvi hutakiwa kulipa katika juma ambalo hakuingia ziwani. Afisa anayesoma karatasi peke yake huona mdaiwa mzembe. Anayesoma kalenda zote mbili huona mtu ambaye atalipa baada ya siku chache, giza litakaporudi.

Usiku wa uvuvi una ugumu wake wa tarehe pia. Chombo hutoka jioni ya siku moja na kurudi asubuhi ya siku inayofuata. Samaki walivuliwa lini? Takwimu za mialo huandikwa wakati wa kupakua, basi tarehe ya karatasi ni ya asubuhi. Mtafiti anayetaka kulinganisha mavuno na umri wa mwezi lazima akumbuke kwamba usiku aliouhitaji ulianza jana yake.

Suala hili limepata uzito mpya. Nchi nne za ziwa, yaani Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika jijini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ikawekwa makao yake Bujumbura. Mojawapo ya hatua za kulinda samaki ni kufunga uvuvi kwa kipindi maalumu. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Samaki hawajui mpaka, na ufungaji wa upande mmoja hupata nguvu pale tu kalenda za pande nyingine zinapokwenda nao. Kulandanisha kalenda hapa kunagusa chakula cha maelfu ya kaya.

5.0 Reli, meli na mpaka wa saa

Kabla ya reli, mwambao haukuhitaji dakika. Mtumbwi ulitoka upepo ulipokuwa mzuri. Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa miaka ya 1890, wakaunda Uwakilishi wa Urundi mwaka 1906, kisha wakahamishia makao Gitega mwaka 1912. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma Februari 1914, na meli kubwa ya Graf von Goetzen ikashushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Iliopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Treni na meli zilihitaji ratiba, na ratiba ilihitaji saa moja inayokubalika na wote.

Saa hiyo moja haikupatikana. Wabelgiji waliitwaa Usumbura mwaka 1916, na mwaka 1925 Ruanda-Urundi iliunganishwa kiutawala na Kongo. Mwambao wa Burundi ukafuata saa ya Kongo ya mashariki, saa mbili mbele ya Greenwich. Waingereza waliotawala Tanganyika walifuata saa ya Afrika Mashariki, ambayo katika kipindi fulani ilikuwa saa mbili na dakika 45 mbele ya Greenwich, na baadaye ikatulia kwenye saa tatu. Wakati huohuo, mkataba wa 15 Machi 1921 uliwapa Wabelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mzigo wa Usumbura ulipita mikononi mwa Wabelgiji waliofanya kazi katika ardhi ya Waingereza, ukavuka ziwa kutoka saa moja rasmi kwenda nyingine.

Mpaka huo wa saa haukufuata jua. Kigoma, Rumonge na Bujumbura ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwenye longitudo ya nyuzi 29 na kitu. Jua huchomoza katika miji hiyo yote kwa tofauti ya dakika chache. Lakini saa ya ukutani ya Kigoma inafuata Dar es Salaam, mji ulio mbali mashariki.

Athari yake kwa saa za Kiswahili inastahili kuangaliwa kwa makini. Hesabu ya Kiswahili huanza alfajiri: saa moja asubuhi ni saa ya kwanza baada ya kucha. Kirundi nacho, kilichopokea neno isaha, huhesabu hivyo. Katika mwambao wa Burundi hesabu hiyo inapatana na jua vizuri, kwa sababu jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Kigoma, kwa kuwa saa rasmi imesogezwa mbele, jua huchomoza saa rasmi inapokaribia saa moja. Kwa hiyo saa ya Kiswahili, iliyozaliwa kutokana na jua, inabaki mwaminifu kwa jua Rumonge na imeachana nalo kidogo Kigoma, ingawa Kigoma ndiyo iliyo katika nchi inayotambulika zaidi kwa Kiswahili.

Chukua mfano wa mapatano ya kibiashara. Mtu wa Kigoma anaandika: tukutane saa tatu asubuhi. Kwake ni saa 9:00 ya saa za Afrika Mashariki. Rumonge wakati huohuo ni saa 8:00, yaani saa mbili asubuhi. Mwenzake akifika saa tatu ya Rumonge, amechelewa saa nzima. Karani aliyesomea Kifaransa, akiona tarakimu 3 peke yake, anaweza kuandika 3h00 katika daftari, na hapo kosa si la saa moja tena. Saa 3:00 usiku ya Rumonge hutangulia miadi ya kweli kwa saa tano. Makosa mawili, la ukanda na la mwanzo wa hesabu, hujumlishwa au hupunguzana, na aliyekosea huwa hajui ni lipi lililomponza.

6.0 Mwaka wa shule na mwaka wa bajeti

Gharama kubwa zaidi ya kalenda zisizopatana haikulipwa na wafanyabiashara. Ililipwa na watoto. Machafuko yaliyoanza Rumonge na maeneo jirani tarehe 29 Aprili 1972, pamoja na mauaji yaliyofuata nchini kote, yaliwasukuma watu wengi kuvuka kwenda Tanzania, na wengi wao waliishi Katumba, Ulyankulu na Mishamo kwa miongo mitatu na zaidi. Kuanzia mwaka 2008, zaidi ya watu 50,000 kutoka makazi hayo walirejea Burundi, wengi wakielekea mikoa ya kusini, Rumonge ikiwemo.

Watoto wao walikuwa wamesoma kwa Kiswahili katika mwaka wa shule unaoanza Januari. Shule za Burundi huanza Septemba. Mtoto aliyemaliza darasa Desemba alikuta wenzake wakiwa katikati ya mwaka, na akawa na njia mbili: kuingia katikati ya masomo kwa lugha asiyoijua, au kusubiri hadi Septemba. Cheti chake kilikuwa sahihi, na mwaka ulioandikwa juu yake ulikuwa sahihi. Kilichokosekana ni mtu au kanuni ya kusema kwamba mwisho wa mwaka huu unalingana na wapi katika mwaka ule. Pengo la miezi minane katika maisha ya mtoto wa miaka kumi si jambo dogo, na halikusababishwa na uadui wa yeyote. Lilisababishwa na kalenda mbili zilizo halali.

Kwa upande wa fedha, ulandanishaji umefanikiwa zaidi. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Mwaka wake wa bajeti, ambao zamani ulianza Januari, ulihamishiwa Julai kama ilivyo kwa majirani wa Jumuiya. Hili liliwezekana kwa kuwa bajeti ina mwenyewe mmoja, yaani serikali. Mwaka wa shule una wenyewe wengi: wazazi, mavuno, mitihani na walimu. Kadiri kalenda inavyogusa watu wengi, ndivyo inavyokuwa vigumu kuihamisha na ndivyo inavyokuwa bora kujenga daraja badala ya kuhama.

7.0 Barua pepe na kalenda za kompyuta

Katika msingi huo wa kihistoria ndipo ofisi za leo zinapokutana na mifumo ya kompyuta isiyopatana. Ni vyema kutofautisha barua pepe na kalenda, kwa sababu historia zake ni mbili.

Barua pepe ilipata kanuni za pamoja mapema. Kanuni za mwaka 1982 ziliweka namna seva zinavyopokezana barua na namna kichwa cha barua kinavyoandikwa. Kanuni hizo ziliruhusu tarehe ya barua ibebe tofauti yake na saa ya Greenwich. Barua inayotoka Bujumbura huandika +0200, inayotoka Kigoma huandika +0300. Msomaji wa upande wowote huoneshwa saa ya kwake, kwa sababu barua imebeba kipimo chake. Ndiyo maana ofisi mbili zenye programu tofauti kabisa huandikiana bila shida kubwa.

Kalenda zilichelewa. Kampuni ziliunda kila moja mfumo wake, na mikutano iliyopangwa katika Lotus Notes haikusomeka vyema katika Outlook. Kanuni ya pamoja ya iCalendar ilitolewa mwaka 1998 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2009, na kanuni ya CalDAV ya kulandanisha kalenda kupitia mtandao ilitolewa mwaka 2007. Hata baada ya hapo mikanganyiko ilibaki, na mingi inaeleweka mara moja kwa mtu anayeijua historia ya mwambao.

Mkanganyiko wa kwanza ni wa siku nzima. Baadhi ya programu huihifadhi sikukuu kama muda unaoanza usiku wa manane na kuisha usiku wa manane kwa saa ya aliyeiandika. Ikifunguliwa Bujumbura, sikukuu iliyoandikwa Arusha huonekana imeanza saa tano usiku wa siku iliyotangulia, na siku moja ikachukua nafasi ya siku mbili. Ni tatizo lilelile la usiku wa kuamkia Ijumaa, ila programu haikuwa na usemi wa kuliponya.

Mkanganyiko wa pili ni wa mikutano inayojirudia. Miadi ya kila juma haiwezi kuhifadhiwa kwa tarakimu peke yake. Inahitaji jina la mahali ambapo saa yake inafuatwa. Kompyuta hutumia orodha ya majina kama Africa/Bujumbura na Africa/Dar_es_Salaam. Umuhimu wa majina hayo ulidhihirika Sudan Kusini ilipohama ukanda tarehe 1 Februari 2021, ikarudisha saa nyuma kwa saa moja na kuungana na Burundi na Rwanda. Mkutano uliofungwa kwa jina la mahali ulihama pamoja na mahali hapo. Uliofungwa kwa tarakimu tupu ulibaki ulipokuwa, na waliohudhuria kwa saa mpya walikuta chumba kitupu. Kongo ilipojiunga na Jumuiya mwaka 2022 ikiwa na kanda mbili ndani ya nchi moja, Jumuiya ikawa na kanda tatu za saa.

Mkanganyiko wa tatu unahusu ofisi za forodha. Burundi hutumia mfumo wa ASYCUDA uliobuniwa na shirika la UNCTAD la Umoja wa Mataifa, wakati Tanzania ilijenga mfumo wake wa TANCIS. Himaya moja ya forodha ya Jumuiya, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2014, haikuzitaka nchi ziache mifumo yao. Ilitaka mifumo hiyo ipelekeane ujumbe. Mzigo unaotoka Dar es Salaam kwenda Bujumbura au Rumonge kupitia Kigoma hutanguliwa na nyaraka zake. Tarehe ya mwisho inayoisha saa sita usiku kwa saa za Dar es Salaam huisha saa tano usiku kwa mtu aliyeko Rumonge, na saa hiyo moja yaweza kugharimu siku ya maegesho.

Mamlaka ya Ziwa Tanganyika ina hali ya pekee. Kati ya wanachama wake wanne, Burundi, Zambia na Kongo ya mashariki hufuata saa moja. Tanzania peke yake hufuata nyingine. Lugha za kiofisi hugawanyika kwingine: Kifaransa Bujumbura na Kinshasa, Kiingereza Lusaka na Dodoma. Kiswahili hukata mistari yote miwili, kwa kuwa kinazungumzwa katika mwambao wa nchi tatu kati ya hizo. Hakuna mgawanyiko mmoja unaotosha kuieleza ofisi hiyo, na kwa hiyo hakuna hesabu moja inayoweza kudhaniwa bila kutajwa.

8.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia hii inaonyesha mambo matatu. Kwanza, mifumo iliyofanana nusu ndiyo iliyoleta hasara zaidi: siku za namba katika Kirundi na Kiswahili, saa za jua katika Kigoma na Rumonge. Pili, mshindi hakupatikana. Utawala wa Kijerumani, wa Kibelgiji na wa Kiingereza kila mmoja ulileta saa na kalenda yake, na mwezi wa mvuvi ukabaki palepale. Tatu, kilichofanya kazi ni ujumbe uliojitaja wenyewe: usiku wa kuamkia Ijumaa, barua yenye +0200, miadi yenye jina la mji.

Wakuu wa nchi za Jumuiya waliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya, na Kamisheni ya Kiswahili ina makao yake Zanzibar. Kadiri nyaraka za kiofisi zinavyoandikwa kwa Kiswahili, suala la saa halitabaki la mazoea tu. Makala yanapendekeza kanuni tatu rahisi. Saa katika barua ya mkutano itajwe kwa maneno ya Kiswahili pamoja na sehemu ya siku, kisha kwa tarakimu za saa 24, ili kila moja iisahihishe nyingine. Jina la mji ambao saa yake inafuatwa litajwe daima, hata pale mwandishi anapoamini kwamba wasomaji wote wanalijua. Na tarehe ya mwisho ya malipo au maombi isiwekwe usiku wa manane. Iwekwe mchana, wakati ambapo tofauti ya saa moja haibadilishi siku.

Kwa hivyo barua ya Arusha kwenda Rumonge ingesomeka hivi: kikao kitaanza saa tatu asubuhi, saa 9:00, kwa saa za Arusha, sawa na saa mbili asubuhi, saa 8:00, kwa saa za Bujumbura. Sentensi hiyo ni ndefu kuliko ile ambayo karani amezoea. Urefu wake ni mdogo ukilinganishwa na safari ya kuvuka ziwa kwenda kwenye kikao kilichokwisha kufungwa.